Mnana wa Kilifi na Gunia la Mkaa

Muulize mtoto yeyote wa Likoni akutajie ndege amjuaye kuliko wote, naye atakutajia kunguru. Hana haja ya kufikiri. Kunguru yupo kivukoni akiwangoja abiria kabla feri haijafika gatini, yupo juu ya mapaa ya mabati ya Mtongwe, yupo jaani, yupo dirishani pa jiko, akiyapima kwa jicho moja mahamri yaliyoachwa bila kawa. Wala si mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, na kufikia mwaka 1947 alikuwa amekwisha kuonekana Mombasa. Tangu hapo amezaana bila kizuizi, hata mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya likatangaza nia ya kuwaangamiza kunguru milioni moja wa pwani. Mgeni huyu hula mayai na makinda ya ndege wadogo wenyeji, nasi tunamjua kwa sauti yake, kwa mwendo wake na kwa wizi wake.

Sasa muulize mtoto huyo huyo, au baba yake, au hata mwalimu wake, habari za mnana wa Kilifi. Utatazamwa kama mtu aulizaye habari za watu wa mwezini. Hali ndege huyu ni mwenyeji hasa wa pwani hii. Hapatikani Bara Hindi wala Ulaya, Tanzania wala Uganda. Katika dunia nzima, upana wake wote, ana nchi moja tu, nayo ni Kenya; na katika Kenya ana kaunti moja tu, nayo ni Kilifi, ambayo mpaka wake na Mombasa ni ule mkono wa bahari wa Mtwapa, mwendo mfupi wa gari kutoka Kisauni.

Kutomjua huku si jambo la kuchekesha. Ndege huyu anamalizwa, na wanaommaliza ni watu wasiomjua. Nasema hivi waziwazi tangu mwanzo, ili wewe msomaji usije ukadhani kwamba nazungumza habari za watu wa mbali. Wanaommaliza ni sisi tukaao Kisauni, Changamwe na Likoni, tuwashao majiko ya mkaa kila jua linapotua.

Kabla ya kuyathibitisha hayo ni haki mshitakiwa na aliyedhulumiwa wajulikane. Mnana ni jina la jumla la ndege wafumao viota. Wengine huwaita kwera. Hapana mwanafunzi wa pwani asiyepata kuona viota vyao vikining'inia katika makuti ya minazi, na wenyewe wa manjano, wakigombana na kupiga kelele kutwa. Mnana wa Kilifi ni wa ukoo huo, illa tabia yake ni mbali. Dume ana kichwa cheusi na mgongo mweusi, tumbo la manjano, na mbawa zilizotiwa pindo la manjano. Jike ni wa rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Kimo chake ni kama cha shomoro. Hakai mjini, wala hashindi mashambani. Hukaa juu kabisa katika vilele vya miti ya msituni, akitembea kwa makundi, akipekua matawi na majani kutafuta viwavi na wadudu wengine. Hula pia matunda na mbegu. Wataalamu wamemweka katika kundi kubwa la ndege watuao matawini, ambao vidole vyao vitatu hutazama mbele na kimoja hutazama nyuma, na ukano wa mguu hukaza vidole hivyo pindi ndege achuchumaapo, hata akaweza kulala usingizi juu ya tawi asianguke. Zaidi ya nusu ya aina zote za ndege duniani ni wa kundi hili. Kunguru naye yumo. Basi hawa wawili ni jamaa. Lakini mmoja ameumbwa aweze kuishi popote penye taka za binadamu, na mwingine ameumbwa aishi katika msitu wake peke yake.

Msitu wenyewe ndio huu. Ukipanda matatu ya kwenda Malindi, ukishapita Kilifi, tazama mkono wa kushoto. Ule ukuta wa miti unaoandamana na barabara mpaka karibu na Gede ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 420. Ndani yake mna sehemu ya miti iitwayo mirihi, miti yenye vichwa vipana, imeayo juu ya mchanga mweupe usio na rutuba. Upande wa kaskazini-magharibi ya Malindi kuna pori jingine la mirihi, liitwalo Dakatcha. Hayo mawili ndiyo makao ya mnana wa Kilifi, hana la tatu. Si misitu ya mvua kubwa kama ile ya Kongo, au ule wa Kakamega. Ni ndugu zake wakavu, mabaki ya misitu iliyokuwa imeifuata pwani ya Afrika Mashariki tangu Somalia mpaka Msumbiji, ambayo leo imebaki viraka viraka kama kanzu ya maskini. Humo pia anaishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye watalii huvuka bahari kuja kumtazama, na ambaye naye mtoto wa Kisauni hamjui.

Jina la kitaalamu la mnana huyu lilitolewa mwaka 1913 na Mwingereza mmoja, Stephenson Clarke, ambaye ndugu yake, Goland, ndiye aliyempata ndege huyo pwani hapa. Basi ndege akapewa jina la Goland katika Kilatini, na jina la ukoo wa Clarke katika Kiingereza. Hayo yalikuwa mazoea ya zama zile: mtu hufika mahali palipojaa watu, akaona kitu ambacho watu wale wamekiona tangu enzi, akakitia jina lake, akaondoka. Sina haja ya kugombana na maiti. Siku hizi vitabu vingine humwita kwa jina la Kilifi, na ndilo ninalolitumia.

Lakini baada ya kumpa jina, wataalamu walikuwa hawajui ndege huyu huzaa wapi. Walimwona Arabuko-Sokoke katika miezi fulani, kisha akatoweka kwa miezi mingine, akarudi. Kiota chake hakikuonekana. Mwaka ukaenda, vita viwili vikuu vya dunia vikapita, Kenya ikapata uhuru wake, binadamu akatia mguu mwezini. Kiota cha mnana wa Kilifi bado hakikuonekana. Mpaka mwezi wa Machi, 2013, miaka 100 tangu apewe jina, wanavijiji wa Dakatcha wa chama cha kuhifadhi pori lao, wakiwa pamoja na watazamaji wa ndege, wakavikuta viota karibu na Bore. Navyo havikuwa juu ya mirihi hata kidogo. Vilikuwa katika dimbwi la maji ya mvua, vimefumwa katika majani marefu ya jamii ya ndago yaliyosimama majini. Ndege wa vileleni, kumbe huteremka kuzaa karibu na uso wa maji!

Fikiri maana ya jambo hili. Ndege huyu anahitaji vitu viwili kwa wakati wake: msitu wa kumlisha na dimbwi la msimu la kumlelea. Msitu ukiondoka, amekwisha. Dimbwi likikauka au likilimwa, amekwisha vile vile, hata kama kila mrihi umesimama. Si ajabu kwamba shirika la dunia la kuhifadhi maumbile, IUCN, limemtia katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Tazama sasa safari ya gunia. Mti ukatwao porini Dakatcha hukatwa vipande, hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, ukachomwa polepole kwa siku kadhaa. Tanuri la namna hii ni la hasara kubwa: katika kilo 100 za kuni hupatikana kilo 10 mpaka 20 za mkaa, na zilizosalia zimekwenda na moshi. Kwa hiyo kila gunia ulionalo limekula mti wenye uzito mara tano yake, au hata mara kumi. Gunia hilo hufikishwa barabarani, hupakiwa, hupita Kilifi, huvuka daraja la Mtwapa, likateremshwa Kisauni. Hufunguliwa Bombolulu na Mishomoroni, mkaa ukapimwa kwa debe na kwa kopo. Mwingine huendelea mpaka Changamwe na Mikindani. Likoni hupata pia mkaa wa njia ya Kwale, ambako iko misitu mingine yenye viumbe vyake. Lakini jiko ni lile lile. Ikifika magharibi, moto wa mti ule umekwisha kuwa chini ya karai la viazi, chini ya mishikaki, chini ya birika la kahawa, na chini ya sufuria ya mama mwenye watoto sita.

Kila tusikiapo kwamba msitu unakatwa, ndimi zetu hukimbilia kumtaja mtu mwenye shoka. Twasema, ‘Watu wa Magarini ni wajinga, wanajimalizia msitu wao. Wakamatwe!’ Maneno haya ni ya raha sana kutamkwa na mtu ambaye jiko lake linawaka. Mwenye shoka hakuchoma magunia 30 ili akae juu yake ayatazame. Aliyachoma kwa sababu yuko mtu wa kuyanunua. Mvua isiponyesha, na mahindi yakanyauka juu ya ule mchanga, kitu pekee ambacho mji wa Mombasa unataka kutoka kwake ni mkaa. Mji haukumwomba asali, wala elimu yake ya dawa za mizizi, wala habari za viota. Umemwomba mkaa, naye ameuleta. Na katika bei ile unayolipa mtaani, fungu lake yeye aliyekesha na moshi machoni ndilo dogo kuliko yote. Kilichosalia hugawanywa njiani, kwa mwenye lori, kwa dalali, kwa mchuuzi, na kwa mikono mingine ambayo adabu yanizuia kuitaja.

Wako wasemao kwamba dawa ni sheria. Sheria zipo. Kanuni za mkaa za mwaka 2009 zinataka mtu awe na kibali cha kuchoma na kibali cha kusafirisha. Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Bei ya mkaa ilipanda. Mkaa wenyewe haukukosekana. Tena sehemu kubwa ya Dakatcha si msitu wa hifadhi ya serikali kama Arabuko-Sokoke, na askari wa msitu hawezi kusimama chini ya kila mrihi. Sheria isimamayo upande wa shoka peke yake, na kumwacha mwenye fedha apite akinunua atakacho, ni kama mlinzi aliyefunga mlango akaacha ukuta wa nyuma haujajengwa.

Historia ina ushahidi wa jambo hili, na ushahidi huo uko mbali na pwani yetu. Katika karne ya 19 huko Marekani ya Kaskazini palikuwa na njiwa walioruka kwa makundi ya mamilioni, hata mchana ukaingia kiza walipopita. Njiwa wa mwisho wa jinsi ile, jike aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya mji wa Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914, mwaka mmoja tu baada ya mnana wetu kupewa jina lake la kitaalamu. Watu wengi huwalaumu wawindaji. Lakini wawindaji walikuwako tangu kale, na njiwa walikuwako pamoja nao. Kilichozidi ni reli na simu ya waya. Njiwa walipotua mahali kuzaa, habari ilipelekwa kwa simu. Wawindaji wakafika kwa gari moshi, mizoga ikapakiwa katika mapipa, ikapelekwa masokoni New York na Chicago, huku misitu waliyozaa humo ikikatwa nyuma yao. Mlaji wa mjini, aliyeketi mezani na kitambaa kifuani, hakusikia bunduki hata moja. Kazi yake ilikuwa kulipa tu. Nipe sababu ya kusema kwamba Kongowea ya leo si New York ya wakati ule, nami nitaichoma insha hii, tena kwa jiko la mkaa.

Liko pia jambo lililotokea papa hapa, nalo lanitia uchungu kuliko la njiwa. Mnamo mwaka 2009 palizuka mpango wa kampuni moja ya kigeni wa kulima mbono kaburi katika maelfu ya hekta za Dakatcha, ili mbegu zake zikamuliwe mafuta ya kuchomwa Ulaya badala ya petroli. Wanavijiji wengi waliupinga. Watetezi wa mazingira wa Kenya na wa nchi nyingine wakapiga kelele, magazeti yakaandika, na mwishowe mpango ule ukakataliwa na mamlaka ya mazingira ya taifa. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tazama ajabu ya binadamu! Msitu ule ulipotaka kuteketezwa ili uendeshe magari ya Ulaya, tuliita jambo hilo dhuluma. Msitu ule ule unapoteketezwa gunia kwa gunia ili ukaange viazi vya Kisauni, tunaliita jambo hilo maisha. Mnana hana njia ya kuzitofautisha dhuluma hizi mbili. Mti ulioanguka ni mti ulioanguka.

Najua swali ulilo nalo, kwa maana nimelisikia darasani mara nyingi, tena kutoka kwa wanafunzi hodari. ‘Ndege huyu ana faida gani?’ Ningeweza kukujibu kwamba hula viwavi, na kwamba kila mlaji wa viwavi ni rafiki wa miti. Ningeweza kuongeza kwamba msitu anaokaa hutoa asali na dawa, na kwamba tangu mwaka 1993 majirani wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo katika mradi wa Kipepeo wa Gede, wakauza buu zao ng'ambo, na kwamba baadhi yao ni wale ambao hapo kwanza walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba. Hayo yote ni kweli. Lakini sipendi kumtetea mnana kwa hesabu hiyo, kwa sababu mwulizaji hakuileta hesabu hiyo kwa mtu mwingine yeyote. Hakuuliza nyanya yake ana faida gani. Hakuuliza msikiti wa kale wa Gede, ambao hauswaliwi tena, una faida gani, bali hulipa kiingilio akaenda akautazama kwa heshima. Maghofu ya Gede yakibomoka, fundi aweza kuokota mawe akajenga tena, ijapokuwa si sawa na kwanza. Mnana wa Kilifi akitoweka, hapana fundi. Aliyefanya kazi ile alifanya mara moja.

Wengine husema, ‘Watu kwanza, ndege baadaye.’ Neno hili lina sura ya huruma, na mwenye huruma ni vigumu kumjibu. Hata hivyo nauliza: ni watu gani waliotangulizwa? Tazama shamba lililofyekwa mirihi likapandwa mananasi. Mchanga ule haukuwa na rutuba ila ile iliyotokana na majani ya msitu wenyewe. Baada ya misimu michache nguvu yake imekwisha, na mkulima anafyeka mbele zaidi. Mjukuu wake atarithi mchanga mweupe pasipo mrihi, pasipo nanasi na pasipo mkaa. Huyo naye ni mtu, na hakutangulizwa. Wazee wa Kimijikenda walilijua jambo hili kabla ya shule kujengwa. Waliweka makaya yao ndani ya msitu, wakakataza kukata hata fimbo humo. Na misitu ile ya kaya, ambayo tangu mwaka 2008 imetiwa katika orodha ya urithi wa dunia, bado imesimama mahali ambapo pembezoni mwake pamekuwa weupe. Hawakusema ndege kwanza, wala watu kwanza. Hawakuona ugomvi kati ya hao wawili.

Kisha yuko msemaji wa tatu, naye ndiye mjanja. Yeye husema, ‘Tukate tu, tutapanda mingine.’ Humwonyesha mgeni machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, huku kwetu Kisauni, ambako tangu mwaka 1971 mtaalamu René Haller alipanda mivinje juu ya mwamba mtupu wa matumbawe hata pakawa msitu wenye vivuli, wanyama na mabwawa. Kazi ile ni ya sifa, na mwanafunzi asiyepata kuiona aende akaione. Lakini haithibitishi neno lake. Ilithibitisha kwamba mvinje unaweza kuishi pasipo na kitu. Mrihi si mvinje. Mizizi ya mrihi hushirikiana na kuvu za ardhini ambazo bila yake mche hudhoofika, na kukua kwake ni kwa pole sana. Mvinje hukatwa nguzo baada ya miaka michache. Na mnana wa Kilifi hakai mivinjeni. Ukipanda mivinje uchome mkaa wake, hilo ni jema, nami nitakupigia makofi. Ukikata mirihi ukapanda mivinje, umebadilisha jina la kaburi.

Yabaki neno la yule mama wa watoto sita, ambaye niliahidi kimoyomoyo kwamba sitampita kimya. Yeye hana hoja, ana shida. Mtungi wa gesi wataka fedha nyingi kwa siku moja, na yeye hupata fedha kidogo kila siku. Kopo la mkaa lalingana na mfuko wake. Kumtukana mama huyu ni ufedhuli. Lakini si yeye anayemaliza magunia mengi. Hoteli za barabara ya Bamburi, majiko ya mishikaki, mikahawa ya Magongo, sherehe za arusi ambazo mkaa wake hununuliwa kwa magunia bila kuulizwa bei, na nyumba zenye mtungi wa gesi umekaa pembeni kwa sababu baba apenda wali uliopaliwa moto wa makaa juu: hawa wanao uwezo wa kuchagua, na hawakuchagua. Uko mkaa wa vifuu vya nazi, ambavyo kwetu hutupwa malundo kwa malundo. Uko mkaa wa mathenge, mti mgeni unaovamia malisho na mashamba katika bonde la mto Tana, ambao kila ukatwao ni faraja kwa wafugaji. Uko mkaa wa mivinje iliyopandwa kwa kusudi hilo. Tena yako majiko yenye ukuta wa udongo ndani, yaliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, ambayo hula mkaa pungufu sana kuliko seredani ya bati. Mwenye fedha akihamia huko, gunia la mrihi litakosa mnunuzi mkubwa, na yule mama hatakuwa ameguswa.

Na usiniambie kwamba watu wa bara la Mombasa hawabadiliki. Changamwe yetu yatosha kukukanusha. Wachongaji wa Kikamba walio pale na chama chao cha ushirika wamekuwa wakichonga twiga, vifaru na masinia ya kuwauzia watalii tangu miaka ya 1960. Mti walioupenda ulikuwa muhugu, mgumu, wenye harufu nzuri, usioliwa na mchwa. Na muhugu ulitoka katika misitu hii hii, pamoja na Arabuko-Sokoke, ambako magogo yaliibwa usiku. Ulipoanza kuadimika, wahifadhi wa misitu hawakwenda kumshika mkono mchongaji tu. Walikwenda kwa wanunuzi wa vinyago, mpaka ng'ambo, wakawafundisha kuuliza: kifaru huyu ni wa mti gani? Swali lile likarudi mpaka Changamwe. Wachongaji wakaujaribu mwarobaini, ambao umejaa katika kila kiambo cha pwani, wakajaribu na mwembe uliozeeka usiozaa. Ukaonekana unafaa. (Mwarobaini nao ni mgeni kutoka Bara Hindi, kama kunguru, si kila mgeni ni mwizi.) Leo mtalii hununua kifaru wa mwarobaini, naye mchongaji hakulala njaa kwa sababu hiyo.

Swali la mnunuzi lilifanya kazi hiyo. Nawe, mwanafunzi, u mnunuzi. Ndiwe utumwaye dukani na kopo jioni. Ndiwe ujuaye mchuuzi yupi hupunja na yupi hujaza. Mtu mzima akienda kuuliza maswali, mchuuzi atamdhania askari wa kanjo au mpelelezi. Mtoto akiuliza, huchekwa, kisha hujibiwa. Mchuuzi wa mkaa mtaani kwenu ajua gunia lake limetoka wapi. Aghalabu ajua hata jina la kijiji, na kama ni mkaa wa mrihi, wa mvinje au wa mathenge, kwa maana kila mmoja huwaka kwa namna yake, na hiyo ndiyo kazi yake. Muulize leo, kabla hajafunga kibanda. Na akikutajia Dakatcha, mwambie kwamba huko kuna ndege mweusi wa tumbo la manjano ambaye huteremka kuzaa katika dimbwi la mvua, umwulize kama amepata kumwona.